Babu alilala wapi njiani

Tumerudi Dar juzi usiku. Watoto bado wanalala mpaka saa tatu, mabegi mawili hata sijafungua, nguo zimejaa harufu ya moshi wa jikoni kwa mama na sitaki kuzifua leo. Naandika sasa hivi manake vitu vya njiani vinafutika haraka sana ukisharudi kwenye foleni na kazi.

Safari yenyewe ni Dar mpaka Muleba, kwa mama, na gari yetu, sisi wawili na watoto watatu. Mkubwa ana miaka saba, wa kati mitano, mdogo mwaka na nusu. Ukipita Dodoma, Singida na Kahama ni kama kilomita 1,400 hivi. Kila aliyesikia alishangaa, wifi yangu akasema si mpande ndege mpaka Bukoba hapo saa chache mmefika, au basi anzeni na SGR mpaka Dodoma watoto wafurahi treni, mtawachosha watoto wa watu bure. Nilimwambia asante wifi tutaona. Nilikuwa na sababu yangu ambayo sikumwambia mtu, hata mume wangu nilikuja kumwambia tumeshaipita Chalinze.

Baba alifariki mwaka jana mwezi wa sita, hapa hapa Dar, alikuja kutibiwa. Mimi nilikuwa na kichanga cha siku kumi na tisa. Ndugu wakakaa kikao, ikaamuliwa baba asafirishwe kwa barabara, kaka zangu wawili na baba mdogo waende naye, mimi nifuate kesho yake na ndege na mtoto. Nikafuata kweli na maziko nikawahi, namshukuru Mungu kwa hilo, ila ile safari yake ya mwisho sikumsindikiza. Usiku ule nilikaa kitandani mtoto kifuani simu mkononi, kaka anapiga kila wakisimama, tumefika Dodoma, tupo Singida tunaweka mafuta, na saa nane usiku akapiga akasema tupo Kahama tumeshuka kunywa chai, baba yuko salama. Ndo alivosema, baba yuko salama. Na mimi nikajibu haya kaka, asante, muendelee vizuri.

Hao wakubwa wawili tuliwaacha Dar kwa shangazi yao. Wa kati alikuwa bado mdogo sana, aliiona ile gari nyeupe inatoka getini watu wanalia, akauliza, mtu mmoja akamwambia babu anaenda nyumbani. Basi kwake ikaishia hapo. Mwaka mzima na zaidi ukimuuliza babu yuko wapi anakwambia yuko safarini.

Baba na hiyo barabara walikuwa na historia yao. Alifanya kazi Dar miaka mingi na kila Desemba lazima aende kwao, Wahaya wananielewa hapo. Zamani alikuwa anaenda Mwanza kwanza, halafu anapanda meli usiku mpaka Bukoba, lakini tangu MV Bukoba izame tarehe 21 Mei 1996 hakupanda meli tena mpaka anakufa. Kulikuwa na watu anaowajua mle ndani. Kwa hiyo sisi utoto wetu tulienda kwa basi, na basi za Dar kwenda Bukoba wakati ule zilikuwa zinazunguka Nairobi, Kampala, Masaka, mnaingilia Mutukula, kwa sababu njia ya huku kwetu ilikuwa vumbi na mashimo na mapori yenye majambazi. Nakumbuka baba anatuamsha tukifika Kayabwe pale mstari wa ikweta unapopita barabarani, hata kama ni usiku na hatuoni kitu, amkeni amkeni tunavuka. Baadae lami ilivyokamilika huku ndani akafurahi kama aliijenga yeye. Alikuwa anajua kila tuta.

Basi tulitoka Jumamosi saa kumi na moja alfajiri tuwahi Kibaha kabla malori hayajawa mengi. Siku ya kwanza sina mengi ya kusema kwa kweli, watoto walikuwa na hamu, walikula maandazi yote kabla ya Morogoro, Dumila tukanunua nyanya ambazo zilipondeka zote, Gairo tukapata viazi vitamu vya kuchemsha vya moto kabisa, na Kibaigwa mkubwa akahesabu magunia ya mahindi mpaka akachoka. Mume wangu ana sheria moja haendeshi giza likiingia na watoto, na mimi naiunga mkono mia kwa mia, jua linazama mko gesti. Dodoma tuliingia mchana tu tukalala mapema.

Ndo tukiwa tunaweka mabegi chini wa kati akasimama katikati ya chumba akauliza, mama, babu alilala hapa?

Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali mengi ila si hilo. Dada yake akawahi, babu hakulala njiani wewe, babu alikufa. Akasema najua, lakini alilala wapi? Nikamwambia hakulala, wajomba zako walikuwa wanaendesha kwa zamu usiku kucha. Akafikiria kidogo afu akasema, kwa hiyo hakuchoka. Nikasema hakuchoka mwanangu. Akaenda kuoga.

Siku ya pili ndo ilikuwa ndefu, tulitoka saa kumi na mbili kamili, Bahi, Manyoni, Ikungi, Singida na yale mawe yake makubwa, tukala kuku wa kienyeji mapema saa tano na nusu manake wenye njaa walikuwa wengi ndani ya gari. Halafu mlima Sekenke. Wale mnaoijua njia mnajua zile kona, malori yanateremka taratibu sana breki zinanuka, na nyuma yake na wewe unajikokota. Wa kati akasema tumbo, na kabla sijapata mfuko akatapika, kuku wote, kwenye shati, kwenye kiti, kwenye mguu wa mdogo wake ambaye na yeye akaanza kulia. Tulipomaliza mteremko tukasimama pembeni. Nilimvua nguo zote nikamwogesha pale kwa maji ya chupa, jua kali, anatetemeka si kwa baridi ila kwa kile kisunzi cha kutapika, ameshika sikio langu kwa vidole viwili kama alivokuwa anafanya alipokuwa ananyonya. Mama mmoja aliyekuwa anauza vitunguu akaja bila kuitwa, akakata ndimu kwa meno, akamwambia nusa baba, nusa tena, vuta. Akamfuta uso na kanga yake. Nilitaka kumpa hela akakataa kabisa, akasema nunua vitunguu basi, nikanunua debe zima ambalo tulienda nalo mpaka Muleba. Mama alivipenda sana vile vitunguu.

Tinde ndo njia inagawanyika, kulia Shinyanga na Mwanza, kushoto Isaka na Kahama. Mume wangu alikuwa anataka tupite kulia tukavuke daraja jipya la Kigongo Busisi, limefunguliwa Juni 2025, na watoto tulishawaahidi. Hapo alikuwa tayari anajua sababu yangu, akapunguza mwendo akaniangalia tu. Nikamwambia tutapita tukirudi. Akakunja kushoto hakuongeza neno, na kwa hilo nampenda sana yule mwanaume. (Daraja tulilipita wakati wa kurudi, kilomita 3 juu ya maji, watoto walipiga kelele mwanzo mpaka mwisho.)

Kahama tuliingia jua linazama. Kuanzia Isaka ni malori tu, namba za Rwanda, Burundi, Kongo, foleni haiishi. Tukapata gesti safi, watoto wakala chipsi mayai wakalala na nguo zao. Mimi saa nane usiku macho yakafumbuka yenyewe bila alamu. Nikatoka koridoni na simu nikamwandikia kaka, niko Kahama. Sikutegemea ajibu usiku ule. Baada ya dakika chache tu akajibu, na yeye alikuwa macho sijui kwa nini sikumuuliza. Akaandika, ile sheli ya kutokea mjini kama unaenda Ushirombo, mkono wa kushoto, kuna mama anapika chai pembeni chini ya turubai, sisi tulikaa benchi la nje, gari tuliipaki mbele yetu ili tuione. Nikasoma hiyo meseji mara nyingi sana. Sikujua kama waliipaki mbele yao ili waione. Mwaka na nusu nilikuwa nawaza baba alikuwa peke yake kwenye lile gari huku wao wanakunywa chai, na kumbe hawakumwacha hata kwa macho.

Asubuhi tukaenda. Turubai lipo, la bluu, na benchi lipo, ubao mmoja mrefu umelainika kwa kukaliwa. Mama wa chai nilimsalimia sikumwambia chochote, ningemwambia nini. Chai ya rangi yenye tangawizi, chapati mbili mbili, mdogo akamwagia uji wake ardhini. Nikawaambia watoto hapa ndo babu alipumzika na wajomba. Mkubwa akanyamaza akaegemeza mkono wake mgongoni kwangu. Wa kati akaangalia ile sehemu ya kupaki magari, kulikuwa na gari moja la mchele limesimama, akauliza alikuwa pale? Nikasema pale pale. Akasema sawa. Alipomaliza chapati akabakisha kipande akakifunga kwenye karatasi akaweka mfukoni, nikajua ni cha baadae akisikia njaa.

Kutoka hapo safari ilikuwa nyepesi sijui ni mimi tu. Ushirombo, Runzewe, kisha yale mapori marefu mpaka Lusahunga ambapo kushoto unaenda Rusumo mpakani na kulia Biharamulo. Miaka ya nyuma mabasi yalikuwa yanakusanyika yanasindikizwa na polisi wenye silaha kuvuka huko, sasa hivi unapita na watoto wanaimba. Baada ya Biharamulo hali ya hewa inabadilika kabisa, hewa inakuwa na unyevu, migomba inaanza mmoja mmoja halafu inakuwa ukuta kila upande, na ziwa linaanza kuonekana mkono wa kulia kwa mbali limelala tu. Hapo huwa nalia kila mara tangu nikiwa shule, hata kabla ya msiba. Barabarani wanauza senene kwenye ndoo, tukanunua, wa kati akala, mkubwa akakataa katakata.

Mama alikuwa amekaa nje kwenye kiti cha baba. Alikuwa ametandaza nyasi mpya sebuleni kama zamani, ile harufu yake ukiingia mlangoni unajua umefika. Watoto wakapiga magoti shikamoo bibi, akawashika vichwa mmoja mmoja, omwana wange, omwana wange, na mdogo akamkataa akalia akanikimbilia, na mama akacheka akasema acha, kesho hatataka kushuka mgongoni kwangu. Ikawa kweli. Kihaya hawajui na hilo linaniuma, ni kosa letu wazazi wala si la watoto, tumewaongelesha Kiswahili tangu wazaliwe kwa sababu mimi Muhaya na baba yao Mpare na ndo lugha yetu ya ndani. Mkubwa alirudi Dar na daftari lenye maneno arobaini na tatu aliyoandika mwenyewe, kila neno amemuuliza bibi yake.

Jioni ile ile kabla hata ya kula mama akasema twendeni tukamsalimie mwenyewe. Kaburi liko kibanjani nyuma ya nyumba, katikati ya migomba, hatua kama hamsini. Wamelijengea vizuri, mama analifagia kila siku. Tukasimama. Mume wangu akaomba sala fupi. Mkubwa akaweka maua aliyochuma njiani, na wa kati akawa anatafuta kitu mfukoni mpaka akakitoa, kile kipande cha chapati cha Kahama kwenye karatasi, kimekauka, akakiweka juu ya saruji taratibu sana akarudi nyuma akasimama karibu na bibi yake.

Halafu akamuuliza, bibi, babu alifika saa ngapi?

Mama hakushangaa hata kidogo. Akamshika mkono akamwambia, alifika asubuhi saa mbili, jua limeshatoka, mimi nilikuwa nimekaa mlangoni namsubiri.