Barua ya Jumapili

Ukiwa unachapa barua za Kiingereza kuanzia asubuhi mpaka jioni, watu hudhani Kiingereza hakiwezi kukutoka. Mimi nina steshenari Mwanga, hapa Kigoma mjini, na nawaambia kinaweza. Tena kinakutoka huku vidole vinaendelea kuchapa.

Kazi zenyewe ni zile zile. Kijana anaingia na vyeti vyake kwenye bahasha ya kaki, anataka barua ya maombi ya kazi, CV, na kopi za kupeleka kwa mwanasheria zikagongwe muhuri. Barua iwe ya Kiingereza, kwa sababu tangazo limetoka kwa Kiingereza. Kichwa cha habari kwa herufi kubwa, kipigiwe mstari, halafu ile sentensi ambayo kila aliyepita sekondari Tanzania ameikariri: "Please refer to the heading above." Unafuata uraia, unafuata umri, kisha uchapakazi na uwezo wa kufanya kazi bila kusimamiwa, kisha shukrani za mapema. Barua hiyo ninayo kwenye kompyuta, faili moja. Nabadilisha jina, anwani, namba ya simu na cheo kinachoombwa, naprinti. Tangu vijana waanze kuandikiwa na akili mnemba kwenye simu, mtindo umebadilika kidogo: siku hizi kila anayeomba udereva Kibondo au uhasibu Uvinza yuko "thrilled". Sijapata kuona watu wasio na kazi wenye furaha kiasi hicho.

Siwacheki. Barua hizo ndizo zinazolipa kodi ya fremu. Ila ukizisoma vizuri, humo ndani hakuna anayeandika wala anayeandikiwa. Ni fomu iliyovaa nguo za barua, na mtu anaweza kuijaza miaka na miaka bila kutunga sentensi hata moja ya kwake.

Kwangu Kiingereza ni lugha ya tatu. Kiha ni cha nyumbani, Kasulu. Kiswahili ni cha mtaani na shule ya msingi. Kiingereza kilikuja kidato cha kwanza, masomo karibu yote kwa mpigo mmoja, na wengi tulivuka kwa kukariri. Kuandika hasa nilijifunzia kazini. Nilikuwa kwenye shirika moja lililohudumia wakimbizi kambi ya Nyarugusu, na kazi yangu ilikuwa kuandaa ripoti: maji, mgao wa chakula, watoto walioandikishwa shule, bomba lililopasuka. Aliyekuwa akizisoma alikuwa ofisi ya mbali, Nyarugusu hajawahi kukanyaga. Asipoelewa, anarudisha swali kwa barua pepe. Bomba lipi? Lile la wiki iliyopita au jingine? Aliyekwambia ni nani? Maswali yake yalinichosha kweli kweli. Mradi ulipofungwa na mkataba wangu ukaisha, nilifurahi kwamba sitayaona tena. Baadaye ndipo nikang'amua kwamba yalikuwa shule.

Aliyeona kuwa nimebadilika ni rafiki yangu Mganda tuliyefanya naye kazi kule. Kiswahili chake ni cha kuombea maji, kwa hiyo tunaandikiana kwa Kiingereza. Siku moja akaniuliza kwa utani kama nimeajiri karani wa kuniandikia, maana ujumbe wangu siku hizi unasomeka kama tangazo la halmashauri. Tukapatana hivi: kila Jumapili tuandikiane barua pepe, ukurasa kama mmoja, juu ya jambo moja ambalo mwenzako hajaliona. WhatsApp haihesabiki, kwa sababu huko tunakata maneno na kumalizia na vikatuni. Kusahihishana sarufi marufuku. Ruhusa ni moja tu, kuuliza pale usipoelewa.

Barua iliyonitoa jasho kuliko zote ni ya mwaka 2024, Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana. Kwa Kiswahili habari hiyo ni ya maneno mawili. "Ziwa limefungwa," na kila mtu mwaloni Kibirizi kashajua ale nini na asikope nini. Nilipoanza kumwandikia mtu wa Kampala, nikagundua naishi katikati ya mambo ambayo sijawahi kutakiwa kuyaeleza. Dagaa wanavuliwa usiku, kwa taa zinazowashwa juu ya maji ili wasogee kwenye mwanga. Mbalamwezi ikiwa kubwa taa hazivuti kitu, kwa hiyo hata serikali isiposema lolote kuna siku za kila mwezi ambazo boti zinalala. Wakishavuliwa, wanaanikwa juani kwenye mchanga au kwenye chanja. Mama anayewageuza siye mwenye boti, na mwenye boti siye anayewapakia kwenye magunia kuwapeleka Dar es Salaam. Ziwa lenyewe ni la nchi nne, sisi, Kongo, Burundi na Zambia, na samaki hawana pasipoti. Ukilifunga upande mmoja peke yake umefanya kazi bure.

Nikaandika yote hayo, nikaridhika, nikatuma. Jibu lake lilikuwa swali moja: ziwa mnalifungaje?

Nilicheka, kisha nikakaa kimya mbele ya kompyuta na mteja ananisubiri na kitambulisho chake cha NIDA mkononi. Mtu unalifungaje ziwa? Nilikuwa nimesema limefungwa nikapita, na Kiingereza hakikunizuia, kwa kuwa nacho kinaruhusu kusema hivyo. Aliyenizuia ni yeye. Ikabidi nirudi niandike nilichokiona kwa macho: boti zimevutwa nchi kavu zimepangana, injini zimefunguliwa zimepelekwa kuhifadhiwa majumbani, wauza nyavu wamekaa kwenye vibaraza hawana wateja, na dagaa wa zamani waliobaki kwenye magunia wanapimwa kwa vikombe vidogo kuliko vya mwezi uliopita. Sehemu hiyo ilitoka vizuri kuliko yote niliyokuwa nimeandika kwa Kiingereza tangu niache kazi, na ndani yake hamna neno gumu hata moja.

Sasa niseme juu ya vile vineno viwili, "a" na "the", kwa sababu ndivyo vya kwanza kumtoka mtu. Shuleni tuliambiwa: kitu kikitajwa mara ya kwanza weka "a", kikirudi weka "the". Kanuni hiyo inakufikisha nusu ya njia. Nyuma yake kuna swali kuhusu msomaji: je, yeye anajua ni kipi nisemacho? Ukiwa unajaza barua ya faili hujiulizi swali hilo hata siku moja, maana vineno vimeshawekwa na aliyetunga faili. Kwa hiyo msuli unalegea bila wewe kujua.

Wako wanaosema sisi tunashindwa hapo kwa sababu Kiswahili hakina kitu hicho. Si kweli. Vineno hatuna, jambo lenyewe tunalo. Mtu akitoka mwaloni akasema "nimeona boti", ni boti tu, yoyote. Akisema "nimeiona boti", tayari unajua kuna boti iliyokuwa ikizungumzwa, pengine imechelewa, pengine ina mtu wetu. Hiyo "i" ndogo katikati ya kitenzi inafanya kazi inayokaribiana sana na ya "the". Basi nikikwama naisema sentensi kwa Kiswahili, kwa sauti. Kiambishi kikija chenyewe, mara nyingi "the" ndiyo inayotakiwa. Kisipokuja, naweka "a", au naacha wazi kama ni vingi. Mbinu hii ina mipaka yake. Watu na wanyama tunawawekea kiambishi hata kama hatuwajui: "nimemwona mvuvi" anaweza kuwa mvuvi yeyote wa kutoka Kibirizi hadi Kalya. Na kitu kikiwa ndicho mtenda, kama "boti imezama", kiambishi cha kukusaidia hakipo. Hapo namwazia Mganda wangu. Atauliza "boti ipi?" au hatauliza? Akiwa ni wa kuuliza, ni "a".

Mengine ni madogo. Mtaani tunasema "nimefika jana" na hakuna anayeshtuka, ndiyo maana barua nyingi zinazopita kwangu zimejaa "have" iliyobanana na "yesterday". Halafu kuna "yeye" wetu asiye na jinsia. Juzi nilichapa barua ya utambulisho ya binti mmoja, mwalimu wake kaiandika kwa mkono: binti alianza aya ya kwanza akiwa mwanamke, akahitimu akiwa mwanaume. Nilirekebisha bila kusema kitu.

Zoezi langu jingine halitaki rafiki, linataka daftari. Nachukua aya fupi ya Kiingereza kizuri, naitafsiri kwa Kiswahili, nafunga daftari. Naacha mpaka maneno yenyewe yamenitoka kichwani. Kisha nakitazama Kiswahili changu peke yake, narudisha Kiingereza bila kuchungulia, halafu naziweka aya mbili bega kwa bega. Siyo uvumbuzi wangu. Roger Ascham, aliyemfundisha Elizabeth wa Kwanza kabla hajawa malkia wa Uingereza, alimfundisha Kilatini namna hii, cha huku kupeleka kule na kukirudisha, na kitabu alichoelezea njia hiyo kilitoka mwaka 1570, yeye keshafariki. Kumbe Waingereza nao walikaa na madaftari wakihangaika na lugha ya watu. Hilo linanipa moyo kuliko cheti chochote nilicholamineti.

Aya nazipata hapa hapa dukani. Wavuvi wanaleta vitabu vya maelekezo ya injini za boti nivitoe kopi kabla havijaozea kwenye oili, na mimi nabaki na kurasa zilizoharibika. Kiingereza chake hakina madaha. Wakati fulani sentensi niliyoirudisha kutoka kwenye daftari ilikuwa hii: "The oil level should be checked prior to the starting of the engine." Nikafungua kopi ya kitabu: "Check the oil before starting the engine." Nikatazama na Kiswahili nilichokuwa nimekiandika katikati: "Angalia oili kabla ya kuwasha injini."

Tazama hapo vizuri. Kiswahili changu kilikuwa karibu na kitabu kuliko Kiingereza changu. Ule urefu wote, ile "prior to", vile vitenzi visivyo na mwenyewe, havikutoka kwenye lugha yangu. Vilitoka kwenye ripoti na kwenye lile faili la barua. Tangu siku hiyo mtu akinipa ushauri ule maarufu, eti niache kufikiri kwa Kiswahili ndipo niandike Kiingereza vizuri, namjibu kwamba Kiswahili hakina kesi hapa. Nyerere alizaliwa kwenye Kizanaki, akafundisha St. Mary's hapo Tabora, akaenda kusoma Edinburgh, na akiwa Rais akaketi kumtafsiri Shakespeare kwa Kiswahili, Julius Caesar mwaka 1963 na ile ya mfanyabiashara wa Venisi mwaka 1969. Huyo hakuihama lugha moja ili apokelewe kwenye nyingine.

Kusikiliza redio ya Kiingereza nasikiliza, filamu naangalia, sikio linafaidika. Mkono haupati kitu. Kusoma kunasaidia zaidi, hasa habari za magazeti, ilimradi usome polepole na uwe na kalamu.

Na akili mnemba naitumia pia, nisijifanye mtakatifu. Naipa barua yangu baada ya kuwa nimeshaituma Kampala. Inanionyesha ilichobadilisha, nachagua jambo moja, naliandika nyuma ya daftari. Nikiipa kabla, inanyoosha kila kitu mpaka ule upungufu unafichika: sentensi inateleza vizuri, na hakuna anayekumbuka kwamba sijasema boti ipi. Rafiki yangu naye ananyimwa cha kuuliza.

Jumapili hii nina deni. Wiki iliyopita nilitaja mawese kwa kupitia, na sasa anataka kujua yanatengenezwaje mwanzo mpaka mwisho. Nimeshaharibu karatasi mbili kwa kuanzia kwenye mchikichi, na kila mara nafika kwenye kukata mikungu naona bado nipo mbali na mafuta na yeye ameshachoka. Nadhani nitaanzia kwenye pipa linalochemka uani kwa shangazi, kule Mwandiga, chikichi zimo ndani na moto umewaka. Mti atauulizia mwenyewe.