Kusaini michoro ng'ambo ya mpaka

Vijana ninaowasimamia hapa Arusha huniuliza sana: "Dada, nikishasajiliwa kuwa Mhandisi Mtaalamu, naweza kusaini michoro Nairobi?" Unaweza, ila si kwa usajili wa ERB, bodi yetu ya usajili wa wahandisi Tanzania, peke yake.

Desemba 2012 bodi za wahandisi za Tanzania, Kenya na Uganda zilisaini makubaliano ya kutambuana, na Rwanda ikaingia 2016. Wengi wanadhani tangu siku hiyo muhuri wa nyumbani unatosha kokote. Hapana. Unaomba kwa bodi ya nchi unayokwenda, bodi yako inathibitisha kwamba umesajiliwa na huna doa la nidhamu, kisha unasajiliwa kule na kubanwa na sheria za kule.

Mimi naliunga mkono hilo kwa moyo wote. Jengo likiporomoka Kitengela, kule Kenya, familia za waliofukiwa zinastahili kumpata aliyesaini, si kuambiwa yuko nchi nyingine.

Kinachoniuma ni kibali cha kazi. Bodi inakutambua utaalamu, lakini kibali kinatolewa na ofisi nyingine kabisa, kwa mwendo wake. Kuna ghala moja ng'ambo nilisajiliwa kulisimamia. Kibali kikakawia mpaka zege la msingi likamwagwa sipo, nondo nikaletewa picha zake kwenye simu. Kwenye picha huwezi kupima nafasi kati ya nondo na mbao zinazozuia zege, wala kujua kama waya umekazwa. Nilidai wachimbue pembe mbili nione, na mwenye ghala akakasirika. Sikusaini mpaka wakachimbua.

Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza kutumika Julai 2010. Muda wote huo umepita, na bado aliyekwisha kusajiliwa na bodi ya nchi husika anasubiri kibali kama mgeni asiyejulikana! Cheti cha bodi kingepaswa kuwa sababu tosha ya kumpa kibali ndani ya siku chache.

Kwa wanaotazama mbali zaidi: jimbo la Ontario, Kanada, lilifuta sharti la uzoefu wa Kanada Mei 2023. Miezi 48 ya kazi bado wanaitaka, na umahiri wako watakupima. Kwa hiyo jaza kila wiki daftari lako la SEAP, ule mpango wa ERB wa mafunzo kazini kwa wahandisi wahitimu, andika ulichokokotoa wewe mwenyewe, na msimamizi asaini angali anakukumbuka.