Karanga za Kongwa, kwa sauti ya babu

Leo Kidato cha Tatu nimewafundisha historia bila chaki. Niliwasikilizisha podikasti niliyorekodi mwenyewe kwa simu: mzee mmoja wa Kongwa akisimulia aliyoyasikia kwa baba yake, aliyekuwa kibarua kwenye mashamba ya karanga ya Waingereza. Mradi ule ulianza 1947, ukaachwa 1951. Mvua haba, na udongo wa mfinyanzi ambao ukikauka hauchimbiki.

Spika yangu ni ndogo, nikaitumbukiza kwenye ndoo tupu ili sauti ijae darasa. Upepo wetu wa Dodoma unavuma humo kwenye rekodi, kuku wanalia, na mzee anapotaja mizizi ya vichaka iliyovunja matrekta, anagonga fimbo chini. Ko! Darasa zima kimya.

Halafu binti wa dawati la nyuma, ambaye tangu Januari sijamsikia akijibu swali, akanyoosha mkono: "Mwalimu, rudisha hapo kwenye udongo. Shamba letu liko hivyohivyo." Akaeleza mpaka kengele ikalia. Nilifurahi mno, jamani.

Jumamosi wanaanza kuwarekodi bibi zao. Simu ni hii yangu moja, zamu tumeshapanga.