Punje za Manjano

Jumamosi iliyopita kitinda mimba wangu alinikamata. Tulikuwa tumeagiza piza, naye akaniona nikichokoa punje za mahindi, moja moja, na kuzipanga ukingoni mwa sahani.

"Baba, si wewe hutukataza kuchagua chakula?"

Nikamwambia zina sukari nyingi. Uongo mtupu. Ni ile rangi.

Wenzangu wa Ukambani waliokuwa na meno mwaka 1984 wameshanielewa. Kwetu njaa hupewa jina, na hiyo tuliiita Nikw'a Ngwete: nafa nikiwa nazo mkononi. Pesa, yaani. Mvua za Machi zilitupita. Katumani, mbegu ya mahindi tuliyosifiwa kuwa haiogopi jua, ilifika magotini ikajikunja kama sigara. Ng'ombe watatu waliuzwa kwa bei ya mbuzi. Wa nne hakumngoja mnunuzi. Maji tuliyafukua kwenye mchanga wa mto, na kila wiki shimo lilizidi kwenda chini hadi mchotaji akawa haonekani kichwa.

Baba alikuwa karani bandarini Mombasa. Pesa alizotuma Mama alizifunga kwenye pindo la leso, akazitembeza sokoni, akarudi nazo. Dukani kulikuwa na sabuni, viberiti na chumvi. Katika barua moja Baba aliandika kwamba meli zinashusha mahindi ya serikali, ya manjano, kutoka Marekani, na kwamba tusiwe na hofu.

Yalifika kweli. Siku ya kugawa, naibu wa chifu alisimama kando ya lori akasoma orodha. Alipofika palipotupasa sisi, akapita.

"Mwaitu, wewe una bwana wa mshahara," alimwambia Mama alipouliza. "Haya ni ya wasiojiweza."

Mama akafungua fundo la leso, akazikunjua noti. "Basi niuzie."

Hayauzwi. Watu wakacheka, si kwa ubaya, na foleni ikasonga.

Sikumbuki nani alinituma chini ya lori. Labda hakuna aliyenituma. Gunia moja lilikuwa na tundu na punje zilikuwa zikidondoka mojamoja vumbini, bapa na pana kama meno ya ng'ombe mzee. Kulikuwa na harufu ya dizeli na ya katani iliyolowa ikakauka. Nilitambaa kwa tumbo, nikawa naokota na kutia ndani ya shati nililolichomeka kwenye kaptura. Niliokota hata zilizopasuka. Mara viatu vyeusi vikasimama, shubiri moja kutoka kwenye vidole vyangu. Kimoja kilikuwa na kamba. Kingine kilifungwa kwa uzi wa mkonge. Nikaacha kupumua. Sauti ya naibu ilikuwa ikiendelea kusoma majina juu yangu, haikukatika hata kidogo. Kisha kile kiatu cha mkonge kikasogea, kikazisukuma punje zilizokuwa mbele yake, zikaja hadi kidevuni mwangu.

Mpaka leo sijui kama alikuwa ananisogezea au alikuwa anazipiga teke.

Yaliyofuata yaliisha haraka. Mama aliziosha mara tatu bila kuniuliza zimetoka wapi. Nyanya, aliyekuwa kwenye orodha, alituletea nusu ya mgao wake, akasema ni chakula cha farasi wa Wazungu, akala. Ugali ulikuwa na utamu usio na kwao, na harufu yake ilikaa kwenye sufuria hadi mvua za Oktoba zilipotuokoa.

Wajuao wanasema serikali ilijitahidi mwaka ule, iliagiza mahindi mapema badala ya kungoja wafadhili, na ndiyo maana hatukuzikana kama Ethiopia. Nakubali. Nilikula mimi mwenyewe. Wanasema pia manjano yana vitamini kuliko meupe yetu. Hayo sasa wangemwambia Nyanya. Naibu alistaafu zamani na nilikutana naye mara mbili matangani. Mara zote mbili tulizungumzia bei ya saruji.

Binti aliniona nimenyamaza. Akaivuta sahani yangu, akazikomba zile punje zote kwa kiganja.

"Hata hazina sukari," akasema, mdomo umejaa.