Kipimo cha mlango wa kizazi kimetoka chanya: kinachofuata

Kabla hujatoka chumbani na kadi iliyoandikwa chanya, muulize muuguzi umepimwa kwa kipimo gani. Watu wengi huondoka bila kujua, wakifika hospitali ya rufaa wanaanza upya.

Vituo vingi vya Tanzania na Kenya bado hutumia siki. Muuguzi anaweka spekula (kifaa cha kufungulia uke), anafuta ute, anapaka asidi ya siki ya asilimia 3 hadi 5 kwa pamba, kisha anasubiri angalau dakika moja. Palipo na seli zilizobadilika panageuka weupe mzito wenye kingo zinazoonekana wazi, karibu na mpaka ambapo ngozi ya waridi ya nje inakutana na nyekundu ya ndani. Weupe hafifu uliotawanyika na kupotea haraka hauhesabiwi. Kipimo cha HPV hakiangalii ngozi kabisa, kinatafuta kirusi chenyewe kinachosababisha saratani ya mlango wa kizazi, na sampuli unaweza kujichukulia mwenyewe. Pap smia ni seli zilizokwanguliwa na kuangaliwa kwa hadubini maabara.

Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachosema una saratani. Siki inaweza kugeuza weupe hata palipo na uvimbe wa maambukizi tu. Wanawake wa Pemba, Unguja, pwani na Kanda ya Ziwa wana jambo jingine la kukumbuka: kichocho cha mkojo hufika mpaka kwenye mlango wa kizazi na kuacha madoa na vijidonda vinavyoweza kumchanganya anayepima. Kama umekua ukioga mtoni au ziwani, au uliwahi kukojoa damu utotoni, sema. Dawa yake, praziquantel, ni ya kumeza.

HPV nayo huwapata watu wengi sana wanaofanya ngono, na mara nyingi mwili huifukuza wenyewe ndani ya miaka miwili. Aina za 16 na 18 ndizo za kuangaliwa kwa makini, maana husababisha takriban asilimia 70 ya saratani za mlango wa kizazi. Mabadiliko yakithibitishwa hupewa daraja la CIN, yaani mabadiliko ya seli ambayo bado si saratani: CIN 1 mara nyingi hurudi kawaida bila tiba, CIN 2 na CIN 3 hutibiwa. Huko New Zealand kuna wanawake ambao CIN 3 yao haikutibiwa ipasavyo kati ya miaka ya 1950 na 1970, na takriban 31 kati ya kila 100 walipata saratani ndani ya miaka 30. Hatari hiyo ni kubwa, lakini inakwenda kwa miaka. Wiki mbili tatu za kutafuta nauli na ruhusa ya kazini hazitakudhuru. Kuiweka kadi kabatini hadi mwakani ndiko kunakodhuru.

Isipokuwa dalili hizi: kutokwa damu baada ya tendo la ndoa, damu kurudi baada ya kukoma hedhi, au uchafu wenye harufu kali usiokoma. Ukiwa nazo usisubiri foleni ya kawaida, sema dirishani kwamba unatokwa damu.

Pakionekana pa kutibika, vituo vingi hupima na kutibu siku hiyo hiyo. Kuna njia mbili za kuunguza, yaani kuua seli zilizobadilika bila kukata, kwa baridi au kwa joto. Tiba mgando hugandisha sehemu iliyobadilika kwa gesi baridi: dakika 3 kugandisha, 5 kuacha iyeyuke, 3 tena. Kifaa cha joto chenye kichwa cha nyuzi 100 hubanwa pale pale kwa sekunde 20 hadi 30, kikirudiwa mara kadhaa mpaka eneo lote lifikiwe. Mara nyingi hakuna sindano ya ganzi, kwa kuwa mlango wa kizazi hauhisi joto kama ngozi ya mkono inavyohisi. Unachosikia ni mkazo wa tumbo kama wa siku ya kwanza ya hedhi. Baadhi hupata kizunguzungu wakisimama haraka, kwa hiyo ukimaliza jilaze dakika kumi. Kifaa cha joto kimeenea kwa sababu ya kawaida kabisa: mitungi ya gesi huisha, na kuijaza wilayani ni kazi.

Si kila mtu anafaa kuunguzwa. Lazima weupe wote uonekane, usiwe umeingia ndani ya mfereji, kichwa cha kifaa kiweze kuufunika, na pasiwe na dalili ya saratani. Ukiwa mjamzito unasubiri ujifungue, na maambukizi makali yakiwepo hutibiwa kwanza. Mwanamke aliyekoma hedhi mara nyingi hakidhi sharti la kuonekana, kwa kuwa ule mpaka wa ngozi mbili huwa umerudi ndani. Hata siki yenyewe haimfai sana, na majibu hasi ya siki kwa mama wa miaka 55 yasimpe utulivu mwingi. Aulizie kipimo cha HPV.

Wasiofaa kuunguzwa hupewa rufaa, na hapa ndipo wengi wanapopotea. Karatasi inasema jina la hospitali, haisemi kliniki ipi wala siku ipi, na LEEP, yaani kukata kipande kilichobadilika kwa waya wa umeme, huenda inafanywa siku moja tu kwa wiki. Mwombe aliyekuandikia akupigie simu huko kabla hujaondoka. Uliza mambo matatu: siku ya kliniki, gharama pamoja na ya maabara, na kama mashine inafanya kazi. Bima mara nyingine inalipia upasuaji na kuacha vipimo vya patholojia, yaani uchunguzi wa kinyama kilichokatwa. Panga siku isiyo ya hedhi, zikiwa zimepita siku chache baada ya kumaliza ndiyo nzuri zaidi. Beba kanga na pedi nzito, chupi ya kubana kidogo, na kama unatumia dawa za kuyeyusha damu, sema mapema.

LEEP ni waya mwembamba wenye umeme unaokata kipande kilichobadilika. Utabandikwa bamba la kunata pajani ili umeme upate pa kutokea, usilisogeze. Sindano ya ganzi huchomwa kwenye mlango wa kizazi, na dawa yake huweza kufanya moyo uende mbio na miguu itetemeke kwa dakika moja au mbili. Hiyo ni dawa, si hofu yako. Kisha utasikia mlio wa mashine ya kuvuta moshi na harufu ya kitu kinachoungua. Kukata kwenyewe huchukua sekunde chache. Damu huzuiwa kwa kuchoma au kwa kupaka dawa nzito ya rangi ya kahawia, na ikipakwa hiyo, kwa siku kadhaa utatokwa na uchafu mweusi unaofanana na machicha ya kahawa. Wengi hukimbilia hospitali usiku kwa ajili ya machicha hayo kwa kuwa hakuna aliyewaambia.

Kinyama kilichokatwa hutiwa kwenye kichupa chenye formalini kwenda patholojia. Katika baadhi ya hospitali kichupa hicho unakabidhiwa wewe ukipeleke na kulipia. Angalia jina lako limeandikwa kwenye kichupa chenyewe, si kwenye kifuniko tu, na uandike namba ya sampuli kwenye simu yako. Majibu hayakufuati nyumbani. Uliza yatatoka lini na nani atayasoma nawe. Yatataja daraja, na yatasema kama kingo za kinyama ni safi, yaani hazina seli zilizobadilika. Kingo zisipokuwa safi haimaanishi unarudi mezani kesho. Mara nyingi unafuatiliwa kwa karibu, kwa sababu joto la waya nalo huua seli zilizobaki pembeni.

Sasa nyumbani. Baada ya kuunguzwa, majimaji hutoka wiki kadhaa, na tiba mgando ndiyo inayotoa mengi zaidi, hadi wiki 4 au 6. Baada ya LEEP damu kidogo hutoka wiki moja au mbili, na kati ya siku ya 10 na ya 14 inaweza kuongezeka ghafla kidonda kinapoachia gamba lake. Tumia pedi, si tamponi. Usiingize kitu chochote ukeni kwa wiki 4: wala kidole cha kujisafisha, wala kitunguu saumu, wala dawa za kukaza, wala kujifukiza kwa mvuke wa majani. Maji safi kwa nje yanatosha. Usibebe ndoo nzito wala magunia wiki ya kwanza.

Rudi hospitali siku hiyo hiyo ukiona homa ya nyuzi 38 au zaidi, maumivu makali chini ya kitovu, usaha au harufu mbaya, au damu inayozidi hedhi yako nzito kuliko zote, hasa yenye mabonge.

Tendo la ndoa pia lisubiri wiki 4. Ni rahisi kuandika, ni vigumu kulisema chumbani, kwa hiyo mwombe muuguzi aandike muda huo kwenye kadi kwa Kiswahili, au aongee na mume kwa simu. Ikishindikana kabisa, kondomu kila mara, kwani kidonda kinachopona hurahisisha kupata na kuambukiza VVU. Na shemeji au wifi akisema HPV ni ushahidi wa umalaya, amekosea. Kirusi kinaweza kukaa kimya miaka mingi, hakuna anayeweza kusema kilitoka kwa nani wala lini, na wanaume hawana kipimo cha kawaida cha kukitafuta. Ugomvi wa nani kaleta hauna mshindi.

Tiba hizi haziondoi kizazi, na wengi hushika mimba baadaye bila shida. LEEP yenye kukata kwa kina, au iliyorudiwa, huongeza kiasi uwezekano wa kujifungua kabla ya wakati. Siku ukianza kliniki ya ujauzito mwambie mkunga, asikute kovu ndipo aulize.

Anayeishi na VVU yuko kwenye hatari takriban mara sita zaidi ya wengine ya kupata saratani hii, na mabadiliko humrudia mara nyingi zaidi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2021 unamtaka aanze kupimwa akiwa na miaka 25, wengine wakianza na 30. ARV asiziache katikati ya haya yote. Kinga yake ndiyo inayopambana na kirusi.

Kisha kuna kurudi. Ukishatibiwa, unapimwa tena baada ya miezi 12, na anayeishi na VVU hupimwa tena miezi 12 mingine kabla ya kurudi kwenye ratiba ya kawaida. Kama ulikutwa na HPV lakini mlango wa kizazi ulionekana mzima, hukutibiwa, unarudi baada ya miezi 24, au 12 kama una VVU. Kliniki nyingi hazitakukumbusha na namba za simu hubadilika, basi weka tarehe hiyo kwenye simu yako na umpe pia mtu mmoja wa nyumbani. Nenda na kadi ya zamani na ripoti ya patholojia. Weupe ukionekana tena mahali palipowahi kuunguzwa, mara nyingi safari hii ni LEEP, ili kinyama kichunguzwe, na daktari atahitaji kujua mara ya kwanza ulitibiwa kwa gesi au kwa joto.