Mahojiano ya kazi ya data, nimejifungia Tudor

Jamani mliokuwa mkiniuliza: ndiyo, nimeshafanya mahojiano ya ile kazi ya ushauri wa uchambuzi wa data, kampuni kubwa ya teknolojia. Yote kwa video, mlango umefungwa, feni nimeizima isiingilie sauti. Joto la Mombasa mnalijua.

SQL, ile lugha ya kuchota data kwenye hifadhidata, haikuwa na maajabu. Kuunganisha majedwali, kujumlisha kwa makundi, basi.

Kazi ngumu ilikuwa kwenye kisa cha biashara. Mteja ana programu ya malipo, miamala imeshuka ghafla wiki hii, utamshauri nini? Ukikimbilia jibu umekwisha. Nikaanza na maswali: data imeingia yote? Kipimo hakijabadilishwa? Imeshuka kwa simu zote au toleo moja tu la programu? Na mnalinganisha na wiki gani? Nikawapa mfano wa kwetu: wiki ya mwisho ya Ramadhani watu wananunua nguo za Idi, wiki inayofuata lazima uone mteremko, na hakuna kilichoharibika. Ukilinganisha na tarehe ileile mwaka jana pia utadanganyika, maana Idi hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka. Yule dada aliyenihoji akacheka, akasema Idi imeshamsumbua kazini.

Mwisho nikaambiwa nimweleze mtu wa mauzo tofauti ya wastani na thamani ya kati, yaani ile inayokaa katikati ukizipanga namba kwa ukubwa. Hilo nilishamfanyia mazoezi shangazi, mpaka akanifukuza jikoni.

Jibu bado. Anayejiandaa aje inboksi, maswali ya mazoezi ninayo.