Kabla ya Shirikisho, Sisi wa Ziwani Tuulizwe

Mjomba wangu ana kipe kimoja, yaani chombo cha kuvulia samaki, katika mwalo wa Kibirizi, hapa Kigoma. Mwaka 2024, kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti, kipe hicho kilikaa ufukweni, kwa sababu uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisimamishwa ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana, kwa makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka ziwa, yaani Tanzania, Burundi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Zambia. Mjomba hakulipinga lengo lenyewe, kwani dagaa na migebuka wamepungua na hakuna anayelijua hilo kuliko yeye. Kilichomuumiza ni kwamba uamuzi ulimfikia ukiwa umekwisha kupikwa na kupakuliwa. Jioni moja katika miezi hiyo aliniuliza hivi: "Mwanangu, siku nchi za Afrika Mashariki zikiwa nchi moja, ziwa litasemewa na nani?"

Sikuwa na jibu la haraka, na ndiyo sababu ninaandika leo.

Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, uliotiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999, unataja ngazi nne: umoja wa forodha, soko la pamoja, umoja wa sarafu, na hatimaye shirikisho la kisiasa. Ngazi mbili za kwanza tumekwisha kuzipanda, ya kwanza mwaka 2005 na ya pili mwaka 2010. Mwezi Mei 2017 wakuu wa nchi walikubaliana kwamba muungano legevu wa kisiasa uwe hatua ya mpito kuelekea shirikisho kamili, na kazi ya kuandaa katiba yake ikaanzishwa. Burundi na Rwanda zilijiunga na Jumuiya mwaka 2007, Kongo ikafuata mwaka 2022, na katika nchi hizo zote wananchi hawakuulizwa kwa kura ya maoni. Kwa jumuiya ya forodha na biashara ninaweza kuuelewa utaratibu huo. Kwa shirikisho la kisiasa, linalogusa mamlaka ya dola yenyewe, ninaamini kwa moyo wote kwamba hautoshi.

Nchi ambayo ningependa wavuvi wenzetu waijue katika jambo hili ni Norwei. Mwezi Juni 1970, nchi sita za Jumuiya ya Ulaya zilikubaliana juu ya sera ya pamoja ya uvuvi wakati mazungumzo na waombaji wapya, Norwei ikiwa mmoja wao, yalipokuwa yanafunguliwa, hivi kwamba wageni walikuta sheria ya bahari imekwisha kuandikwa. Waziri wa uvuvi wa Norwei, Knut Hoem, alijiuzulu kwa kutoridhika na makubaliano yaliyopatikana kuhusu sekta yake. Septemba 1972 wananchi wakaulizwa kama nchi yao ijiunge na Jumuiya hiyo, na asilimia 53.5 wakakataa. Waziri Mkuu Trygve Bratteli, ambaye serikali yake ilitaka wakubali, aliondoka madarakani. Swali likarudi tarehe 28 Novemba 1994, safari hii likiungwa mkono na Waziri Mkuu Gro Harlem Brundtland, na asilimia 52.2 wakakataa tena. Jiji la Oslo lilikubali, lakini pwani ya kaskazini, ambako watu wanaishi kwa samaki, ilikataa kwa nguvu.

Siwasifu kwa sababu walikataa. Ninachokiona ni kwamba mvuvi wa kaskazini kabisa, mbali na mji mkuu, alipewa karatasi ileile aliyopewa mwenye benki, na kwa sababu hiyo viongozi walilazimika kumweleza, kijiji kwa kijiji, nini kingetokea kwa bahari yake. Norwei haikugombana na jirani zake baada ya hapo, kwani tangu mwaka 1994 imo katika Eneo la Kiuchumi la Ulaya na inafanya biashara na Umoja wa Ulaya, mrithi wa Jumuiya ile, kila siku.

Mimi mwenyewe, kama kura ingepigwa kesho, ningeelekea kukubali. Bibi mzaa mama alizaliwa ng'ambo ya Manyovu, upande wa Burundi, na Kiha chetu na Kirundi chao vinaelewana bila mkalimani. Mpaka huu haukuchorwa na babu zetu. Lakini ninawajua watu wa Kasulu na Kibondo wanaohofia ardhi, na hofu yao si ya kupuuzwa: mwaka 2006 na 2007, maoni yalipokusanywa kuhusu kuharakisha shirikisho, Watanzania wengi walisema hapana, na ardhi ilikuwa miongoni mwa sababu zao kuu. Mtu mwenye hofu ya namna hiyo hatulizwi kwa hotuba kuhusu undugu. Anahitaji kuonyeshwa kifungu cha katiba kinachosema ardhi itasimamiwa na nani, kisha aachwe apime.

Kuuliza wananchi si jambo geni kwetu. Wazanzibari waliulizwa tarehe 31 Julai 2010 kuhusu serikali ya umoja wa kitaifa, na asilimia 66.4 wakakubali. Upande wa Muungano, kura ya maoni juu ya Katiba Inayopendekezwa ilipangwa kufanyika tarehe 30 Aprili 2015, ikaahirishwa kwa kuwa uandikishaji wa wapiga kura haukuwa umekamilika. Kwa hiyo daftari linapaswa kuwa tayari mapema, rasimu ya katiba ya shirikisho ifike mialoni na minadani angalau mwaka mmoja kabla ya kura, ikiwa katika Kiswahili kinachosomeka, na matokeo yatangazwe kwa kila mkoa ili ijulikane Kigoma imesema nini.

Juzi nilimweleza mjomba habari za Norwei, tukiwa tumekaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, wakati vijana wake wanatayarisha taa za usiku. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akataka kujua kama wale waliokataa bado wanavua. Nikamwambia wanavua. Akauliza kama wale waliowataka wakubali walikwenda kweli kuongea nao ufukweni, nikamjibu kwamba walikwenda. "Basi na wetu waje," akasema, akasimama kwenda kuwasaidia vijana kusukuma kipe majini.